Mtoto Hataki Kusoma? Tumtafutie Kitabu Chake

Katika somo la leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi vijijini. Mtoto anakwenda shule. Herufi anazijua. Lakini ukimpa kitabu anasoma mistari miwili, anapiga miayo, anakifunga na kukimbilia nje. Ukimwuliza amesoma nini, hana jibu. Mzazi anakasirika na kusema, "Mtoto huyu mvivu." Mwingine anasema, "Kichwa chake kigumu, kusoma hakumwingii."

Sisi tunaofundisha madarasa ya kisomo tumeyasikia sana maneno hayo. Wanakisomo wenyewe huyasema, tena kwa uchungu, kwa sababu wao wanajua taabu ya kukaa bila kusoma. Mama aliyejifunza kusoma akiwa na umri wa miaka 40 hawezi kufurahi akiona mwanawe anaichezea bahati hiyo.

Leo tunataka kusema jambo moja tu, na somo zima litalieleza. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo hachukii kusoma. Anachukia kitabu alichopewa, au namna alivyopewa. Kwa hiyo kazi yetu si kumlazimisha. Kazi yetu ni kumtafutia kitabu kitakachomvuta. Na kazi hiyo inawezekana hata kama wewe mwenyewe bado unasoma polepole, ukifuata mstari kwa kidole.

1. Tukumbuke watu wazima walivyofundishwa

Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1968, kulikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO. Mradi huo ulikuwa na makao yake Mwanza, ukaenea katika mikoa ya Kanda ya Ziwa.

Sasa tujiulize: wakulima na wavuvi wale walipewa vitabu gani? Hawakupewa vitabu vya watoto vyenye picha ya paka na mpira. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba. Mvuvi alipewa kitabu cha uvuvi. Wenye migomba walisoma juu ya migomba, na wafugaji juu ya ng'ombe. Neno la kwanza kusomwa likawa neno ambalo mtu analijua tangu utotoni, analolishika kwa mikono kila siku.

Walimu walifanya hivyo kwa sababu nzuri. Mtu akikuta katika kitabu jambo analolijua na kulijali, akili yake inakimbia mbele ya macho. Anataka kujua kilichoandikwa, hata kama kusoma kwenyewe ni kugumu. Akikuta jambo asilolijali, kila neno linakuwa jiwe la kubeba.

Basi, kama sisi watu wazima tulitendewa hivyo, kwa nini mtoto tumtendee vingine? Naye anayo mambo anayoyajali. Ila sisi hatujamwuliza.

2. Kwanza tumpime: hawezi, au hataki?

Kabla ya kutafuta kitabu, ni lazima tujue tatizo liko wapi. Mganga hatoi dawa kabla ya kumwangalia mgonjwa. Tuangalie mambo manne.

(a) Macho. Je, mtoto anakisogeza kitabu karibu na pua? Anakunja uso? Analalamika kichwa kinamwuma akisoma? Anakosea kunakili maneno yaliyo ubaoni? Huenda haoni vizuri. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Kumpiga mtoto asiyeona ni kumwonea.

(b) Lugha. Mtoto anayezungumza Kisukuma, Kikurya au Kihaya nyumbani huenda anayatamka maneno ya Kiswahili kitabuni bila kujua maana yake. Huyo anahitaji kusikia Kiswahili zaidi na kuelezwa. Msimulie hadithi kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha asome hadithi hiyo hiyo kwa Kiswahili. Hapo maana atakuwa nayo tayari mkononi.

(c) Mwendo wa kusoma. Wako watoto wa darasa la nne au la tano ambao bado wanasoma kwa kukata silabi: m-ku-li-ma, a-li-kwe-nda. Mtoto huyo akifika mwisho wa sentensi amekwisha sahau mwanzo wake. Hawezi kufurahia hadithi, kwa sababu hadithi haimfikii. Huyo apewe vitabu vifupi, vyenye maneno machache na herufi kubwa, na akirudie kitabu kile kile mara nyingi mpaka kiteleze.

Lakini hapa pana aibu. Mvulana wa darasa la tano hataki kuonekana na kitabu cha darasa la pili. Tumtafutie njia. Mwambie, "Mdogo wako hajui kusoma, msomee kitabu hiki jioni." Sasa amekuwa mwalimu. Atasoma kitabu chepesi bila kuona haya, na mdogo wake atanufaika.

(d) Njaa na uchovu. Mtoto aliyeshinda bila chakula, akateka maji, akachunga mbuzi, akapewa kitabu saa tatu usiku karibu na kibatari chenye moshi, atasinzia. Nawe ungesinzia. Wasichana ndio hupata taabu zaidi, maana kazi za jikoni haziishi. Mpunguzie kazi moja, umpe nusu saa kabla giza halijaingia.

Ikiwa mambo hayo yote ni sawa, na mtoto anaweza kusoma lakini hapendi, basi tatizo ni kitabu. Tuendelee.

3. Tuchunguze anapenda nini

Usimwulize mtoto, "Unapenda kusoma nini?" Atajibu, "Sijui." Ni kweli hajui, maana hajaviona vitabu vya kuchagua. Badala yake mwangalie kwa juma moja. Anachezea nini? Anauliza nini? Anacheka nini? Akiwa na wenzake wanabishana juu ya nini?

Tuchukue mfano. Yuko kijana wa miaka 12, darasa la tano. Baba yake ni mkulima wa pamba. Mama yake amemaliza kisomo, anasoma polepole. Kijana huyu akipewa kitabu cha shule anasinzia. Baba amekwisha sema kwamba mwaka huu ukiisha bila mabadiliko, atamtoa shule akachunge ng'ombe, kwa kuwa daftari haziliwi. Mama hana la kujibu, lakini moyo unamwuma. Yeye mwenyewe alitolewa shule hivyo hivyo alipokuwa mdogo.

Mama anamwangalia mtoto. Anaona kuwa kila mjomba wake anapokuja, kijana haondoki karibu naye. Mjomba anazo hadithi za kuchekesha, za watu wajanja waliowashinda matajiri. Kijana anazisikia mara moja tu, kesho yake anawasimulia wenzake bila kukosea. Mama anajiambia: "Kumbe mtoto huyu si mzito. Anazo hadithi 20 kichwani, na zote amezipata kwa masikio."

Hapo mama amepata ufunguo. Anakwenda kwa mwalimu wa darasa. Hamwambii, "Mwanangu hataki kusoma." Anasema, "Mwalimu, natafuta kitabu cha hadithi za kuchekesha, za mtu mjanja." Mwalimu anampa *Hekaya za Abunuwasi*.

Wengi wetu tunamjua Abunuwasi. Jina lake limetokana na mshairi aliyeishi Baghdad zamani, wakati wa Khalifa Harun al-Rashid, na hadithi zake zimeenea Afrika Mashariki. Katika mojawapo, Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha pamoja na sufuria ndogo ndani yake, akieleza kwamba ile kubwa imezaa. Jirani anafurahi, anazichukua zote mbili. Baadaye Abunuwasi anaazima tena, safari hii hairudishi. Anasema sufuria imekufa. Jirani anapiga kelele kwamba sufuria haiwezi kufa. Lakini aliyekubali kuwa sufuria inazaa, atakataaje kuwa inakufa?

Jioni ile mama anaanza kuisoma kwa sauti, kwa kidole. Anakwama kwenye neno moja. Kijana anachungulia, analisoma. Mama anasema, "Asante, mwalimu wangu. Haya, endelea kidogo, nami nipumzishe macho." Kijana anaendelea. Akifika mahali jirani anapoambiwa sufuria imekufa, wote wanacheka, hata wadogo.

Kesho yake anaisimulia kwa wenzake malishoni. Mmoja anabisha kwamba haikuwa hivyo. Jioni kijana anarudi, anakitafuta kitabu yeye mwenyewe bila kuambiwa, ili ahakikishe nani mkweli. Ndugu msomaji, hapo ndipo kusoma kunapoanza. Amekiendea kitabu kwa shauri lake, kwa sababu ndani yake kuna jambo analolitaka.

Hatusemi kwamba mwezi ule ule alikuwa wa kwanza darasani. Mambo hayaendi hivyo. Alama zake za hesabu zilibaki pale pale. Lakini alimaliza kitabu kimoja, akauliza kingine. Na baba, ambaye alikuwa akijifanya anatengeneza jembe pembeni, usiku mmoja aliuliza, "Ikawaje yule jirani?" Neno la ng'ombe halikutajwa tena msimu ule.

4. Vitabu vya namna gani?

Kila mtoto ana mlango wake. Hapa tunataja milango michache.

Mtoto anayependa kucheka: mpe hekaya za Abunuwasi, hadithi za Sungura na Fisi, na vitabu vya katuni. Wazazi wengine huzidharau katuni, wakisema si kusoma. Si kweli. Katika katuni mtoto anasoma maneno, anaangalia picha, anaunganisha maana. Ni ngazi nzuri ya kupandia.

Mtoto anayependa mambo ya ajabu na safari: wapo wanaovutwa na majini, wafalme na nchi za mbali. Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wetu aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliandika *Adili na Nduguze*, kilichotolewa mwaka 1952. Humo Adili anaonewa wivu na ndugu zake wawili, nao wanageuzwa manyani. Kiswahili chake ni kizuri lakini si chepesi, basi kifae mtoto mkubwa kidogo, na mkisome pamoja. *Marimba ya Majaliwa* cha Edwin Semzaba kiliandikwa kwa ajili ya vijana wa siku hizi.

Mtoto anayependa mafumbo: yule anayeuliza "nani kafanya?" kila kitu kikipotea nyumbani, anafaa hadithi za upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliandika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960. Mtu anakutwa amekufa mzimuni, na Bwana Msa anatafuta ukweli kwa akili wakati wengine wanazungumza juu ya mashetani. Hiki ni cha vijana wa miaka 14 na kuendelea. Wewe mzazi kisome kwanza.

Mtoto anayependa kazi za mikono: wapo watoto ambao hadithi haziwavuti kabisa. Wanataka kujua baiskeli inafanyaje kazi, sungura anafugwaje, nyuki wanatengenezaje asali. Usimlazimishe hadithi. Mwombe bwana shamba au bibi shamba vijarida vya ufugaji na kilimo. Mpe mtoto sungura wawili awatunze, na kijarida cha sungura. Atakisoma mpaka kichakae.

Mtoto anayependa mpira: mpe ukurasa wa michezo wa gazeti, hata gazeti la juzi lililofungiwa sukari. Akitaka kujua timu yake imefunga magoli mangapi, atasoma bila kubembelezwa.

Mtoto anayependa nyimbo: mpe mashairi na vitendawili. Ni vifupi, na vinaimbika.

5. Kipimo cha vidole vitano

Kitabu kinaweza kuwa na mambo mazuri lakini kikawa kigumu mno. Hapa tunatoa kipimo rahisi ambacho mtoto anaweza kukifanya mwenyewe.

Afungue ukurasa wo wote katikati ya kitabu. Aanze kusoma. Kila akikuta neno asilolijua, anyooshe kidole kimoja. Akimaliza ukurasa bila kidole au kwa kidole kimoja, kitabu ni chepesi, anaweza kukisoma peke yake. Akinyoosha viwili au vitatu, kinamfaa, atajifunza maneno mapya. Vikiwa vinne, akisome pamoja na mkubwa. Vikifika vitano, kitabu hicho kingoje. Hajashindwa. Wakati wake haujafika tu.

6. Tutavipata wapi?

Hili ndilo swali kubwa kijijini, maana duka la vitabu liko mbali na fedha ni chache. Tuanze na palipo karibu.

Shule. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, nao umesaidia kutoa vitabu vingi vya hadithi kwa Kiswahili na kuvifikisha katika shule za msingi. Yapo mashule yenye vitabu vizuri, lakini vimefungiwa kabatini. Mwalimu mkuu anaogopa visichanike, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa. Hofu yake ina haki. Basi wazazi msaidieni. Katika mkutano wa wazazi toeni shauri hili: kila kitabu kivalishwe jalada la karatasi ngumu; liwepo daftari la kuandika jina la mtoto, jina la kitabu na siku ya kukirudisha; mzazi aweke sahihi kwamba atakitunza. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kitabu kilicholiwa na mchwa kabatini hakikumsaidia mtu.

Maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1967. Iko mikoa yenye maktaba ya mkoa, kama ile ya mjini Mwanza. Ukienda mjini kwa shughuli zako, ingia uulize masharti ya watoto. Wengi hupita mlangoni wakidhani ni mahali pa wasomi tu. Si kweli. Maktaba hizo zimewekwa kwa ajili ya watu wote.

Majirani. Nyumba kumi zikiwa na kitabu kimoja kimoja, hiyo ni maktaba ya vitabu kumi. Kubalianeni kubadilishana kila juma.

Kitabu cha nyumbani. Kama hakuna kitabu kabisa, tengenezeni. Babu asimulie hadithi, mtoto aiandike katika daftari na kuchora picha zake. Nasi tumeona katika madarasa ya kisomo kwamba kitabu kinachosomwa kwa furaha kuliko vyote ni kile ambacho msomaji anakuta ndani yake jina la kijiji chake.

7. Namna ya kusoma nyumbani

Wekeni saa moja iliyo maalumu, ile ile kila siku, hata kama ni dakika 15 tu. Simu na redio zizimwe kwa dakika hizo. Mzazi naye ashike kitu cha kusoma: gazeti hili, au Biblia, au tafsiri ya Kurani, au kijarida cha dawa za pamba. Mtoto hujifunza zaidi kwa macho kuliko kwa maneno. Ukimwambia "Soma!" huku wewe hushiki hata karatasi, atajua kuwa kusoma ni adhabu ya watoto.

Mwache achague. Ukimletea vitabu viwili, acha ashike anachotaka. Mwache pia akiache kitabu kisichompendeza baada ya kurasa chache. Sisi wenyewe tukionja mboga mbaya hatumalizi sufuria.

Akikosea neno, usimkatize kila mara. Akikosea na maana haikupotea, mwache aendelee. Maana ikipotea, mngoje amalize sentensi, kisha mwulize, "Hapo imekuwaje?"

Usigeuze kila hadithi kuwa mtihani. Maswali 10 baada ya kila ukurasa yanaua utamu. Swali moja linatosha: "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Na mahali pazuri, simama. Wasimuliaji wetu wa zamani walijua siri hii. Hadithi ikifika penye joto, bibi alisema usingizi umemshika. Watoto walilala wakiwa na hamu. Nawe funga kitabu mtu akiwa bado juu ya mti na simba chini, kisha kiache mezani. Huenda asubuhi utamkuta mtoto amekishika.

8. Mambo yanayoua hamu

Tuyaepuke haya:

Fimbo. Fimbo inaweza kumfanya mtoto akae na kitabu mbele ya macho. Haiwezi kumfanya akipende. Mtoto anayepigwa kwa ajili ya kitabu atakikimbia siku atakayopata nafasi ya kukimbia.

Kumlinganisha. "Mwone dada yako!" Maneno hayo yanamwambia kwamba kusoma ni mali ya dada, yeye si lake.

Kumcheka. Neno moja la kejeli mbele ya wageni linaweza kufunga mdomo wa mtoto kwa mwaka mzima.

Kufanya kusoma kuwa adhabu. Usiseme, "Umevunja chungu, kaa ndani usome." Kesho akiona kitabu atakumbuka chungu.

9. Kwa nini tujisumbue?

Mzazi mmoja anaweza kuuliza: "Hadithi za sufuria zitamsaidia nini? Si afadhali asome vitabu vya mtihani?" Swali ni zuri, na tulijibu.

Mtihani hupita. Mtoto atamaliza shule, na siku hiyo hakuna mwalimu atakayemwambia asome. Akiwa hakuonja utamu wa kusoma, atakiweka kitabu chini, na baada ya miaka michache ataanza kusahau. Katika kisomo tumewapokea vijana waliopita shuleni lakini wamepoteza KKK kwa kutokusoma. Wanarudi kuanza upya pamoja na wazazi wao.

Lakini mtu aliyezoea kusoma kwa kupenda anasoma cho chote. Atasoma maandishi yaliyo kwenye chupa ya dawa ya wadudu, asijitie sumu. Atasoma karatasi ya mizani ya pamba, asipunjwe kilo zake. Atasoma mkataba wa mkopo kabla ya kutia dole gumba. Njia ya kufika huko inaweza kupitia kwenye sufuria iliyozaa. Si njia ya kupoteza muda, ni barabara yenyewe.

Maneno ya kujifunza

Hekaya: hadithi fupi, mara nyingi ya kuchekesha au ya kufundisha.
Upelelezi: kazi ya kutafuta ukweli wa jambo lililofichika.
Kejeli: maneno ya kumdharau mtu kwa kumcheka.
Kupunjwa: kupewa pungufu ya haki yako.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini wakulima wa pamba walifundishwa kusoma kwa kitabu cha pamba?
2. Taja mambo manne ya kuangalia kabla ya kusema mtoto ni mvivu.
3. Mama katika mfano wetu alipata wapi ufunguo? Je, angeupata kama angetumia fimbo?
4. Katika shule ya kijiji chenu, vitabu vya hadithi viko wapi? Nani anayo funguo ya kabati? Mtafanya nini juu ya jambo hilo?
5. Baba anasema, "Daftari haziliwi." Mngemjibu nini?

Kazi ya juma hili

Mwangalie mtoto mmoja nyumbani kwako kwa siku saba. Andika katika daftari lako mambo matatu anayoyapenda. Kisha nenda kwa mwalimu, au kwa jirani, ukaombe kitabu kimoja kinachohusu mojawapo ya mambo hayo. Kifanyieni kipimo cha vidole vitano. Jioni someni kurasa mbili pamoja, halafu mfunge kitabu mahali penye utamu.